LUMBESA YAVUNJA MIGONGO NA KUPUNGUZA MAFUNGU



Ukifika soko la Kenyatta, karibu na hospitali kuu, hukulaki kwanza moshi wa nyama choma na akina dada wasukao nywele. Lakini kibarua hali nyama kila siku. Yeye hupita moja kwa moja kwa mama mboga kutafuta sukuma wiki, kabichi na viazi vya watoto, naye huona fungu limepungua tena. Basi humlaumu mama mboga. Twasema analaumu asiyehusika.

Mama huyo hununua Marikiti, soko la Wakulima. Huko viazi na kabichi kutoka Nyandarua na kwingineko huja katika lumbesa: gunia lililojazwa mpaka mdomo haufungi, kisha likashonewa wavu juu kama kilemba. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja, hapimiwi kilo. Dalali hununua kwa gunia, huuza kwa kipimo chake. Hapo katikati ndipo fungu lako lilipokwenda.

Na lumbesa haina miguu. Hubebwa na mgongo wa mwenzetu mpagazi, anayelipwa kwa gunia, uzito shauri yake. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Kenya nayo, kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, iliweka kilo 50 kuwa mwisho wa gunia. Sheria tunayo. Mizani iko wapi? Lori la lumbesa hupita mbele ya polisi wangapi mpaka lifike Nairobi?

Wakubwa hupenda mikutano juu ya chakula cha taifa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Vizuri sana. Lakini mkulima aliyepunjwa msimu baada ya msimu huchoka, akauza shamba lijengwe nyumba, na hotuba hazioti kabichi.

Twataka mizani katika kila soko, na gunia lizidilo kilo 50 lisishushwe. Mpagazi akikataa kubeba lumbesa, chama kisimame naye. Na wale miongoni mwetu wasemao mpagazi si mfanya kazi kwa kuwa hana barua ya tajiri, waje Marikiti saa kumi alfajiri wajaribu kubeba moja.