Libet Hakuua Hiari

Wanaodai kwamba hiari ya binadamu ni njozi hushikilia jaribio moja: mwaka 1983 mtafiti Benjamin Libet alionesha kuwa umeme wa ubongo huanza kupanda takriban nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, ilhali mtu huitambua nia yake sekunde 0.2 hivi kabla ya tendo. Basi, wanasema, ubongo huamua, sisi tunapashwa habari tu.

Hoja hiyo haisimami. Kwanza, washiriki wa jaribio waliombwa wakunje vidole au kifundo cha mkono wakati wowote, bila sababu. Kusamehe deni au kuchagua mchumba hakupimwi hivyo.

Pili, na hapa ndipo hoja inapoporomoka: nani kasema mpando ule ndio uamuzi? Mchoro wake ni wastani wa marudio mengi, yaliyopangwa kurudi nyuma kuanzia tendo. Mwaka 2012 mtafiti Aaron Schurger na wenzake walionesha kuwa mawimbi ya ubongo yanayopanda na kushuka yenyewe, yakipangwa vivyo hivyo, hutoa mchoro unaofanana nao. Wanaokana hiari wametoa hukumu kabla ya kumtambua shahidi!

Tatu, Libet mwenyewe aliamini mtu aweza kuizuia nia hiyo dakika ya mwisho. Wafuasi wamempita mwalimu kwa kelele, si kwa ushahidi. Anayetaka kutuvua dhamana ya matendo yetu alete hoja yenye uzito wa dai lake.