Bustani ya mtaa yahitaji daftari kabla ya jembe

MVUA zikishakatika mwezi Mei, mboga za majani huanza kuadimika katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita. Fungu la mchicha hupungua, bei hupanda, na mama wa genge hulazimika kusubiri mzigo kutoka mbali. Ndipo majirani wengi hukubaliana kulima bustani ya pamoja katika kiwanja kilicho wazi mtaani kwao.

Tunawaunga mkono. Mchicha huchumwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa, hivyo hata mwenye mtaji mdogo huona fedha mapema. Hata hivyo, bustani nyingi za aina hii huanza kwa shangwe na kufa kimya kimya. Siku ya kulima wote wanakuwapo. Baada ya wiki sita wamebaki wawili wenye ndoo, na siku ya mavuno wote wanarudi. Ugomvi unaanzia hapo.

Kwa maoni yetu, kinachoziua bustani hizi ni kukosa makubaliano. Na katika jambo hili wakazi wa Shinyanga hawana haja ya kwenda mbali kujifunza, kwa kuwa wana ngitili.

Mwaka 1986, Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki kipara. Mradi haukuja na uzio wa waya. Uliwarudisha wananchi kwenye desturi yao ya Kisukuma ya kutenga malisho ya kiangazi, ambako mipaka hujulikana, mkutano wa dagashida hutunga masharti, na anayeingiza ng'ombe bila ruhusa hutozwa faini. Hadi mradi unamalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto.

Ikiwa masharti ya majirani yaliweza kulinda malisho dhidi ya ng'ombe wenye njaa, hayashindwi kulinda matuta ishirini ya chainizi na matembele.

Kwanza, kikundi kijue kiwanja ni cha nani. Makubaliano na mwenye eneo yaandikwe mbele ya uongozi wa mtaa, yakitaja muda. Vinginevyo, mtasawazisha ardhi na kuiwekea samadi, kisha mwenyewe alete matofali.

Pili, hasa Geita na Kahama, waulizeni wazee wa mtaa eneo hilo lilifanyiwa nini zamani. Palipokuwa mwalo wa kuchenjulia dhahabu, au palipomwagwa marudio, pasilimwe mboga. Zebaki haiozi. Ikiingia katika mboga, kuosha na kupika hakuiondoi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hausafishi udongo uliokwisha kuchafuliwa.

Tatu, maji. Maji ya Ziwa Victoria yanafika Shinyanga na Kahama kwa bomba, lakini yanapita kwenye mita na bili lazima ilipwe. Ushauri wetu ni kila mwanachama awe na tuta lake, na matuta machache yawe ya wote, mauzo yake yakilipia maji na mbegu. Asiyemwagilia ataona mboga zake zikinyauka, bila kuwakausha wenzake. Wakati wa kiangazi matuta yazamishwe kidogo, mfano wa jaruba dogo, ili maji yasitiririke ovyo.

Nne, fedha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila shilingi inayoingia na kutoka iandikwe, na daftari lisomwe mbele ya wanachama wote kila mwezi, si mbele ya mwenyekiti na mweka hazina peke yao.

Wapo watakaosema bora kuanza na mkopo wa halmashauri. Ni kweli kwamba sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na kikundi kilichokuwa kikiitegemea peke yake kilibaki kikisubiri. Anzeni na mlichonacho. Mkopo ukija ukute bustani inayouza.

Jirani akikualika kwenye bustani ya mtaa, nenda. Ila kabla ya kutoa mchango wako, omba kwanza uonyeshwe daftari. Kama halipo, jitolee kulinunua wewe.