Gari Moja, Majina Mawili

Asafiriye kati ya Geita na Katoro hana haja ya kuelezwa Probox ni gari gani. Ndio mchomoko wenyewe, upakiao abiria na magunia kwa pamoja. Toyota iliuanza mwaka 2002.

Huko Japani likauzwa gari liitwalo Mazda Familia Van. Jina lapendeza, Mswahili hudhani ni la kwao! Lakini Mazda haikuliunda. Tangu mwaka 1994 lilikuwa Nissan AD lililobandikwa nembo ya Mazda. Mwaka 2018 Mazda ikaachana na Nissan, ikachukua Probox kwa Toyota. Mitsubishi nayo iliuza AD kwa jina la Lancer Cargo. Si wizi wala si bidhaa bandia. Washindani walikubaliana, kwani kuunda gari jipya kwa wanunuzi wachache ni gharama kubwa.

Awezaye kuumia ni yule anunuaye gari lililokwisha kutumika. Mwenye Familia ya mwaka 2016 akiulizia dukani vipuri vya Mazda, aweza kurudi mikono mitupu au kuuziwa visivyoingia, na siku ya kazi imempotea, ilhali alihitaji vya Nissan AD. Mwenziwe mwenye Familia ya mwaka 2019 ahitaji vya Probox. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, yafaa kusoma namba ya chasisi: penye Y12 ni Nissan, penye P160 ni Toyota, hata nembo ikisema vingine.