Vidole vikigoma kwenye gitaa

Kijana amepiga gitaa kanisani mwaka mzima, na kodi tatu nne zinamtosha. Siku mwalimu anapomwonyesha kodi za maina za muziki wa jazi, vidole vinagoma. Wiki mbili baadaye gitaa limeegemea ukutani. Mama anaona uvivu, baba anakumbuka ada aliyolipa. Mara nyingi si uvivu: mtoto ametwishwa mzigo wote kwa mkupuo.

Kodi ya A maina ina noti tatu: A, C na E. Jazi huongeza ya nne. Ikiongezwa G, inakuwa maina saba. Ikiongezwa F shapu, inakuwa maina sita. Mtoto akitaka kuzibonyeza noti zote, mkono unachoka na moyo unakata tamaa.

Wapigaji wa jazi hupunguza. E inaweza kuachwa na kodi ikajulikana vilevile. Mtoto abonyeze freti ya 5 kwenye uzi wa 6, ule mnene, pamoja na uzi wa 4 na wa 3. Nyuzi nyingine zisilie. Hiyo ni maina saba. Kisha kidole cha uzi wa 4 kirudi freti ya 4 tu. Tayari ni maina sita. Kidole kimoja kimesogea, kodi mbili zimepatikana.

Django Reinhardt alijifunza kupunguza kwa lazima. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, gari walimoishi lilishika moto nchini Ufaransa. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na cha mwisho, vilikakamaa. Alipokuwa akiuguzwa, ndugu yake Joseph alimletea gitaa. Django akajifunza upya, akitegemea zaidi vidole viwili vilivyobaki vizima. Mwaka 1934 alikuwa Paris na kundi lake pamoja na mpiga fidla Stéphane Grappelli, na maina sita ni miongoni mwa kodi zinazotambulisha muziki wake.

Joseph hakuhitaji kumfundisha wala kumkaripia. Mzazi naye hahitaji kujua kodi hata moja. Jioni, dakika 15 zinatosha: akae karibu, simu aiweke chini, amwombe mwanawe ampigie zile kodi mbili, polepole. Nyingine zitafuata vidole vikizoea.