Mwalimu wa Mazoezi Mwenye Ugonjwa wa Tezi

Mtu ambaye tezi yake ya thairoidi imedhoofu huchoka upesi, huhisi baridi na huweza kuongezeka uzito hata kama hali sana. Je, anafaa kuwafundisha wenzake wa Mapinga mazoezi na lishe? Kwa maoni yetu anafaa, kwa kuwa anajua kwamba si kila mnene ni mvivu.

Lakini ana wajibu wa aina mbili. Kwanza, atunze tiba yake. Kidonge cha levothairoksini humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa. Akikimeza alfajiri kabla ya kukimbia, akirudi atakunywa chai bila shaka. Vidonge vya madini ya chuma visubiri saa 4. Dozi ikibadilishwa, damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Pili, asigeuze uzoefu wake kuwa dawa ya kila mtu. Chumvi ya mashamba ya Bagamoyo, ingawa imetoka baharini, haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe. Wala kuizidisha hakutibu tezi. Mwanafunzi achokaye bila sababu asikemewe: ashauriwe kwenda kupimwa.