Kutoka Kwenda Wapi?

Usiku wa tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya, na hata saa yenyewe ilikuwa ya Brussels: kule saa sita kamili, London saa tano. Nje ya Bunge watu walipeperusha bendera na kuimba, na kwa kuwa Big Ben ilikuwa matengenezoni, mlio wake ukachezwa kwenye spika. Edinburgh walikesha na mishumaa, maana katika kura ya maoni ya 2016 asilimia 62 ya wapiga kura wa Scotland walitaka kubaki. Nchi nzima iligawanyika 51.9 kwa 48.1, na mgawanyiko huo uliingia hadi mezani, mzazi huku na mwanawe kule, vijana wengi wakitaka kubaki na wazee wengi kutoka. Mimi lawama nawapa wanasiasa. Kura hiyo ya Juni 2016 iliuliza kubaki au kutoka tu. Kutoka kwenda wapi, hakuna aliyeulizwa. Soko la pamoja je? Ushuru wa forodha? Mpaka wa Ireland? Basi kila aliyepiga kura ya kutoka alitoka na picha yake kichwani, na Theresa May, waziri mkuu wa wakati huo, akapeleka mkataba wake bungeni mara tatu, mara tatu ukakataliwa. Serikali nayo, kwa haraka zake, ilikuwa imeshatengeneza sarafu za peni 50 zenye tarehe 31 Oktoba 2019, siku iliyokuwa imepangwa ya kutoka. Siku ikaahirishwa, sarafu zikayeyushwa. Zilizotoka Januari ziliandikwa amani, ustawi na urafiki na mataifa yote. Na Waskoti, sijui wamo?