Mwambieni Tabibu Habari za Ziwa

Miongoni mwa ndugu zetu wa Kigoma, Ujiji na mwambao wote wa Ziwa Tanganyika waliohamia Marekani, wengi wamepata kadi ya bima ya afya kwa mara ya kwanza maishani, wakaihifadhi pamoja na hati za safari, wakingojea siku watakayougua. Kwani kwetu mtu mzima aghalabu hakwenda hospitali ya Maweni ila amezidiwa. Ada hiyo ilikuwa na sababu, maana kwenda hospitali kuligharimu nauli, siku ya kazi na fedha ya dawa. Hapa sababu hiyo imepungua nguvu, kwa kuwa sheria ya mwaka 2010 imezilazimu bima nyingi kulipa gharama yote ya uchunguzi wa kinga, kama vile shinikizo la damu, saratani ya shingo ya kizazi tangu miaka 21 na ya utumbo mpana tangu miaka 45, ilimradi tabibu awe katika orodha ya waliopatana na bima hiyo.

Basi pigeni simu kwa nambari iliyo nyuma ya kadi, mwulize kama tabibu yumo katika orodha, na mkipanga miadi semeni kuwa ni ya uchunguzi wa kinga. Mtu akizusha humo maumivu ya goti ya miaka mingi, huenda akaletewa hesabu ya goti mbali. Goti lisifichwe, ila ni vema ajue mapema.

Lakini lililotushughulisha zaidi ni jingine. Tabibu wa Ohio au Texas, ajapokuwa bingwa, yumkini hatauliza mtu alioga wapi utotoni. Aliyekulia Kibirizi, akaogelea na kuteka maji ziwani, huenda alipata kichocho, maradhi ya minyoo itokayo kwa konokono wa majini ikapenya ngozi, ikakaa mwilini miaka mingi kimya, ilhali mayai yake yanadhuru ini na utumbo. Hutambuliwa kwa kupima damu, choo au mkojo, na dawa yake, prazikwanteli, ni ya kumeza. Wakimbizi waliotoka kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, aghalabu walipewa dawa hiyo kabla ya kupanda ndege. Waliokuja kwa masomo au ndoa hawakupitia njia hiyo, nao hawana budi kulitaja ziwa kwa vinywa vyao wenyewe. Kadhalika waombe kupimwa homa ya ini aina ya B, ambayo mama huweza kumwambukiza mwana wakati wa kuzaliwa, na waseme kama kuna selimundu katika ukoo.

Wala msiwafanye watoto wakalimani. Mama atamwelezaje tabibu habari za hedhi yake kwa kinywa cha mwanawe wa kiume wa miaka 12? Atanyamaza, na tabibu ataandika kuwa hana tatizo. Hospitali zipokeazo fedha za serikali kuu zimewajibishwa kisheria kutoa mkalimani bila malipo. Ombeni wa Kiswahili siku ile ile ya kupanga miadi, na mzee asemaye Kiha au Kibembe tu aombewe wa lugha yake.

Chukueni kadi za chanjo na dawa zote mtumiazo, hata mizizi na majani mliyoletewa kutoka nyumbani, kwani baadhi yake hugongana na dawa za hospitali. Na mwulize mapema kama kipimo cha damu kinataka mtu asile tangu usiku. Enyi wasomaji ambao kadi zenu hazijatumika hata mara moja, tunawasihi mpange miadi wiki hii.